Kifungo cha Akiba

Jumanne na Ijumaa naiazimisha mashine damu yangu.
Saa nne nzima inakwenda, inachujwa, inarudi imepoa,
na hapo ndipo sista Kadzo huniletea leso ya pili
kabla sijaomba.
Siku zilizobaki nipo Kuze, ghorofa ya kwanza,
nimemwaga bati la vifungo kitandani.

Bati la biskuti, picha yake imeshapauka,
lilikuja pamoja na cherahani ya mama.
Navichambua: vya mashimo mawili, vya mashimo manne,
vya kanzu, vya blauzi za shule,
cha shaba kilichong'oka koti la sijui nani.
Na kichwa changu siku hizi nakichambua vivyo hivyo.

Hiki: je, nilifunga gesi?
Hiki: binti wa Bi Nargisi anaolewa mwezi wa sita
na gauni lake lingali vipande, limekunjwa chini ya pasi.
Hiki: mwalimu wetu wa darasa la tatu, yule mwenye pengo,
jina lake nani vile?
Siku ya pili leo nalitafuta. Lina faida gani? Halina.
Limenasa tu, kama uzi kwenye bobini.
Hiki: mia saba za Swabra.

Hiki, maji.
Nusu lita, mchana na usiku, na chai imo humo humo.
Huko chini mkokoteni wa madumu unapita ukigonga mawe,
mwenyewe anaita, maji! maji matamu!
utadhani ananitania mimi.
Na madafu nimekatazwa. Mombasa hii, madafu!
Ndizi, viazi vya karai, embe la pilipili, tende ya kufuturia,
daktari alivipiga mstari kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu.
Nikamwambia, daktari, afadhali ungenihamisha mji.
Akacheka. Mimi nilikuwa sichezi.
Naweka kipande cha barafu ulimini, nahesabu mpaka kiishe.
Jana nilifika mia na kumi.

Vingine ni taka tu:
tangazo la sabuni la utotoni,
harufu ya hariri niliyoiunguza,
neno nililomjibu shangazi mwaka aliokufa baba.
Watu huniambia, Mwanakhamisi, punguza mawazo,
mawazo ni maradhi.
Maradhi ninayo. Mawazo ni wageni waliokuja kuyatazama,
na kama wageni wote
wanakaa hata chai ikaisha.

Usiku wa manane mkono wa kushoto unavuma
pale walipouunga mshipa,
paka anakoroma ndani ya ngozi.
Naulaza chini ya sikio. Ukinyamaza, walisema, kimbia hospitali.
Basi nasikiliza,
na ndipo kinapojitokeza kile ninachokisukuma pembeni kila siku.

Twalibu.

Ndugu yangu, tumbo moja.
Alisema siku ya Idi, mbele za watu, mkono kifuani:
figo yangu moja ni ya dada.
Vipimo vikakubali.
Kisha simu yake ikawa yaita tu, yaita.
Mkewe asema yuko Voi. Yuko Malindi. Yuko msikitini.
Simlaumu.
Saa nane namlaumu, saa kumi simlaumu.

Fundi mwenzangu atanielewa:
shati zuri huja na kifungo cha akiba
kimeshonwa ndani ya pindo, pasipoonekana.
Mtu hulivaa mpaka likachakaa
wala asikikate. Wengine hawajui kama kipo.
Nami mashati mangapi yamepita mikononi mwangu,
nikakiona, nikakipapasa kwa kidole gumba,
nikakiacha pale pale
kwa kuwa si changu?

Kunakucha. Mlango wa duka la chini unakwaruza.
Navirudisha vyote batini, isipokuwa hicho,
hakina fungu, nakitia mfukoni.
Leo Ijumaa. Leso, kadi, nauli.

Nafika ngazi ya tatu, nasimama.
Ngonyo!
Mwalimu Ngonyo, mwenye pengo.